"Fundi, inazunguka tu"

SWALI: Habari za kazi, dada. Mimi ni fundi samani hapa Keko, Dar es Salaam. Mwaka jana nilimlipa kijana akanitengenezea tovuti. Kwenye laptopu yake ilipendeza kweli: picha kubwa za vitanda na makabati, na video ya karakana inayocheza yenyewe. Lakini wateja wananipigia wakisema, "Fundi, inazunguka tu." Mwishowe nawatumia picha kwa WhatsApp. Kijana anasema tatizo ni simu zao. Ni kweli?
Fundi wa Keko

JIBU: Si kweli, kaka, na wateja wako usiwatupie lawama hiyo. Tovuti yako niliifungua Korogwe kwa simu ya mama yangu, simu ya kawaida, kwa bando la siku analonunua mwenyewe. Tulikaa barazani tukisubiri. Jina la karakana likatokea, halafu weupe mtupu. Mama akaichukua simu yake akazima data: "Mwanangu, utanimalizia bando." Hakuwa ameona hata kitanda kimoja, na kitanda ndicho alichokuwa anakitafuta.

Baadaye niliipima kwenye kompyuta. Ukurasa wa kwanza una picha 18, kila moja karibu MB 4, kama zilivyotoka kwenye kamera. Hizo ni MB 72, video bado. Kwa mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde, yaani nusu MB kila sekunde, picha peke yake zinachukua zaidi ya dakika 2. Kijana wako ana Wi-Fi ofisini, tena ukurasa huo ameshaufungua mara nyingi, kwa hiyo picha zimehifadhiwa tayari ndani ya laptopu yake. Shida ya mteja haimfikii.

Jambo hili linaniuma. Mtu akija Keko kutazama meza, humtozi kiingilio. Kwenye tovuti unamtoza: MB zinatoka mfukoni mwake kabla hata hajajua bei.

Kioo cha simu hakina haja ya picha yenye upana wa nukta (pikseli) 4,000. Mwambie kijana azipunguze hadi nukta 1,000 hivi, azibane na kuzihifadhi kwa WebP, mfumo wa faili nyepesi za picha. Picha moja ikishuka hadi KB 150, zote 18 hazifiki MB 3, na mistari ya mninga bado itaonekana vizuri. Za chini zisipakuliwe mpaka mtu ateremke kuzitazama. Video isicheze mpaka iguswe. Mimi ningeiondoa kabisa.

Kisha maandishi. Mama alivaa miwani na bado hakuweza kusoma. Simu isipoelezwa na ukurasa itumie upana wake halisi, kwa kawaida huuchora kana kwamba kioo kina nukta 980, halafu huubana wote uenee. Kinachokosekana hapo ni mstari mmoja tu wa maelekezo, kijana ataujua. Ila mstari huo hautoshi: safu zako tatu za bidhaa lazima zijipange kuwa moja zikifika kwenye simu.

Na namba yako, kaka! Umeiweka ndani ya picha ya tangazo. Mteja hawezi kuigusa ikapiga, hawezi kuinakili, atafute kalamu. Iandikwe kama maandishi, juu kabisa, na ikiguswa ipige. Kwa biashara yako, hili ningelifanya leo kabla ya yote.

Google nayo inahusika. Tangu Julai 2018, kasi ya ukurasa kwenye simu ni mojawapo ya vitu inavyozingatia inapopanga matokeo ya utafutaji. Ina kipimo cha bure, PageSpeed Insights: weka anwani yako, usome upande wa simu. Kitu kikubwa kuliko vyote katika sehemu inayoonekana kwanza, kwako ni picha ya juu, kinatakiwa kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Kijana akikuambia amemaliza, tokeni nje ya ofisi yake. Azime Wi-Fi, mtumie simu ambayo haijawahi kufungua tovuti hiyo. Kitanda kikitokea upesi na namba ikapiga kwa mguso mmoja, mlipe. Kisha uniandikie. Nitampelekea mama habari, maana kitanda bado hajanunua.