Usisubiri tathmini ya mwaka, mimi nilisubiri

Mkuu, futa huo mpango. Una miezi minne kwenye usimamizi, afisa wako mmoja anachelewesha ripoti tangu ulipoingia, na umeamua kunyamaza mpaka tathmini ya Desemba "usimvunje moyo". Halafu unauliza fomu ipi ya tathmini ni nzuri. Fomu! Nyumba inaungua, wewe unachagua rangi ya ndoo.

Mimi nilipandishwa kutoka afisa mradi nikawekwa juu ya watu watano niliokuwa nakula nao mchana. Sifa yangu? Niliandika ripoti vizuri. Kusimamia mtu sikujua, na hakuna aliyeuliza.

Mmoja wao alikuwa kijana mchapakazi, huko vijijini wanampenda kupita kiasi. Shida yake karatasi. Marejesho ya masurufu, yaani hesabu ya fedha alizopewa za kazi, nusu nusu, orodha za mahudhurio hazina saini, ripoti ya mwezi inafika mwezi unaofuata ukiwa katikati. Nami nikawa naziandika upya mwenyewe usiku, nikijidanganya kwamba namlinda. Niliogopa mazungumzo ya dakika 15, nikayalipia kwa miezi 11 ya kukesha.

Siku ya tathmini nikamwaga yote. Akanisikiliza, akafungua kompyuta, akanionyesha barua pepe zangu nane: "Asante, ripoti nzuri." Lazima iwe nzuri, nimeiandika mimi! Akasema, "Kaka, kwa nini hukuniambia mwezi wa pili?" Nilijifanya natafuta kalamu.

Haikuishia hapo. Wakaguzi wa mfadhili walikataa gharama za semina tatu, zile orodha zisizo na saini. Kwa asiyejua mambo ya ruzuku, yaani fedha za mfadhili: gharama ikikataliwa, shirika linarudisha kutoka mfukoni mwake, yaani kwenye kile kiakiba kidogo kisichofungwa na mradi wowote, ambacho ndicho kinalipa mishahara mradi mmoja ukiisha na mwingine haujaanza. Kijana hakuongezewa mkataba. Baada ya miezi miwili dada mmoja, bora kuliko sisi wote, naye akaaga. Kumbe alichoka kuona anayejituma na anayezembea wanapewa "asante" ileile.

Sasa yule mkufunzi wetu wa semina ya usimamizi ya siku mbili, popote alipo. Alitufundisha kuficha kosa katikati ya sifa mbili, kama nyama kwenye mkate. Nilijaribu. Mtu akatoka ofisini kwangu akinishukuru kwa pongezi! Amekula mkate, nyama kaiacha mezani. Na mkurugenzi wetu naye, wimbo wake "sisi hapa ni familia". Familia gani ina mkataba wa mwaka mmoja?

Shika hili moja tu. Kila wiki mbili, kila mtu wako, nusu saa, wewe na yeye, mlango umefungwa. Kimekwama nini, nani atafanya nini, lini. Jioni hiyohiyo mwandikie mistari mitatu, naye ajibu amekubali au akusahihishe. Mkutane kwa sababu ni Jumanne, si kwa sababu kuna kosa, la sivyo kila ukimwita atakuja na jasho. Ikifika Desemba, kwenye hiyo fomu yako kusiwe na jambo analolisikia mara ya kwanza.

Na usiseme "ongeza umakini", hakuna anayejua hiyo inapimwaje. Sema: "Ripoti ilitakiwa tarehe 5, imefika tarehe 17, orodha mbili hazina saini. Imekuwaje?" Kisha funga mdomo, hata kama kimya kinakuwasha.

Hilo "imekuwaje" mimi sikuuliza. Nilikuja kujua yule kijana keshaondoka: washiriki wake wengi hawakujua kuandika, naye aliona aibu kuwalazimisha saini mbele za watu. Mfadhili wetu alikuwa anakubali dole gumba. Mimi nilijua. Yeye hakuna aliyemwambia. Mwaka mzima wa kuhangaika, na dawa yake ilikuwa kibweta cha wino.

Uliuliza pia kuhusu wanaojitolea na kozi za usimamizi. Wanaojitolea nao wape nusu saa yao. Kozi tutaongea siku nyingine, bado nina hasira na yule wa mikate.

Mwite huyo afisa wako kesho asubuhi. Ila usimtumie ujumbe wa "naomba tuonane kesho" saa nne usiku ukazima simu. Hilo nalo nimewahi kulifanya.