Lita 185 za ng'ombe wawili

Mfugaji mmoja wa kituo chetu cha mbali cha kukusanyia maziwa ana ng'ombe wawili tu wa kukamua. Kwenye malipo ya nusu mwezi akaonekana ameleta lita 185 asubuhi moja. Karani alikusudia 18.5, nukta ikamponyoka kwenye simu. Mimi sikuona, mhasibu hakuona, hela zikaenda. Mzee mwenyewe ndiye aliyekuja ofisini na kofia mkononi: "Vijana wangu, hizi nyingine ni za nani?"

Aibu ile ndiyo iliyonifundisha kuacha kukagua data kwa macho. Siku hizi ukaguzi unafanywa na notibuku iliyoko mtandaoni, yaani ukurasa wenye vipande vya msimbo (seli) vinavyoendeshwa kimoja kimoja, kila alfajiri kabla mhasibu hajafika. Kama na wewe unapokea mafaili kutoka vituo vitano au sita na kuyaunganisha huku ukimwomba Mungu, haya yanakuhusu.

Usianze na programu kubwa za ukaguzi. Great Expectations ipo, Pandera ipo, na ni nzuri, ila mimi nilimaliza wiki mbili nikisoma maelekezo yake bila kukamata kosa hata moja. Anza kwa kujiuliza: kosa lipi likipita, kuna mtu ataumia? Kwetu yalikuwa matatu: lita, namba ya mfugaji na tarehe. Mistari kumi ya Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye Google Colab, huduma ya notibuku ya Google, ilitosha kuanzia.

Halafu nenda ukamwone anayeingiza data. Hili ningelifanya mapema, lingeniokoa na mengi. Mimi nilikuwa nimeshaandika ukaguzi wa laktomita, kipimo cha uzito wa maziwa, nikiwa mezani: namba ikiwa chini ya 20, maziwa yana maji, toa onyo. Kituo kizima kikawa kinapigiwa kelele kila siku, nami nikaanza kuwafikiria vibaya wafugaji wa watu. Siku nilipopanda bodaboda nikasimama nyuma ya karani, nikaona anaandika 1.028. Karani wa kituo jirani huandika 28. Ni kipimo kile kile na wote wako sahihi. Aliyekosea ni mimi niliyeweka safu moja bila kusema iandikwe vipi.

Siku hiyo hiyo nikagundua kituko cha saa. Mtu kaleta maziwa saa moja na robo asubuhi, karani kaandika 1:15, kompyuta ikaelewa kwamba maziwa yamefika usiku wa manane. Ningeweza kuandika ukaguzi wa kuongeza saa sita, lakini makarani wawili walikuwa tayari wanaandika 7:15. Tukaifuta safu ya saa, tukaweka vitufe viwili: asubuhi, jioni. Tatizo likaisha bila msimbo wowote.

Sasa tuingie kwenye notibuku yenyewe. Jambo la kwanza, soma kila kitu kama maandishi. Ukisoma faili kwa pandas (maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali) bila kuweka `dtype=str`, mfugaji 0217 anageuka 217, na namba ya simu inayoanza na 07 inapoteza sifuri yake. Faili likipita Excel kwanza, namba inayoanza na 255 inaweza kukurudia imeandikwa 2.55E+11, na mtu akilihifadhi hivyo, tarakimu za mwisho ndiyo umezikosa. Soma kama maandishi, kagua, ndipo ugeuze lita ziwe namba.

Tarehe nazo ni kiini macho. 03/04 kwetu ni tarehe tatu Aprili, lakini pandas usipoiambia huisoma Kimarekani, tarehe nne Machi. Andika muundo mwenyewe, `%d/%m/%Y` (siku/mwezi/mwaka), na tarehe isiyofuata hapo ikataliwe.

Na kisanduku kitupu: ukijumlisha, pandas inakiruka kimyakimya. Jumla inatoka nzuri kabisa, huku mfugaji fulani amekosa siku tatu. Kwa hiyo hesabu visanduku vitupu kabla ya kujumlisha. Hesabu na mistari pia: kila kituo kinasema kimetuma mingapi, notibuku inasema imepokea mingapi. Uingereza mwaka 2020 karibu wagonjwa 16,000 wa korona walichelewa kuingia kwenye hesabu kwa sababu muundo wa zamani wa faili la Excel unaishia mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa, na hakuna aliyeambiwa.

Kwa lita, usiweke kikomo kimoja kwa wote, maana kuna wa ng'ombe mmoja na kuna wa kumi na watano. Mlinganishe mfugaji na nafsi yake. Mimi huchukua siku zake 14, nazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, natazama namba iliyo katikati. Wastani wa kawaida ulinidanganya: siku 13 za lita 18 na moja ya lita 185 zinakupa wastani wa karibu 30, yaani kosa lenyewe limejipandishia kikomo. Namba ya katikati inabaki 18. Lita za siku zikizidi mara tatu ya hiyo, malipo yake yanasimama. Mara mbili ilikuwa inawakamata waliozalisha ng'ombe wapya.

Notibuku ina mtego wake: unaweza kuendesha seli ya tano kabla ya ya pili, na data ya jana ikawa bado imo kwenye kumbukumbu. Niliwahi kutangaza "leo safi" nikiwa nimekagua faili la jana. Anzisha upya, endesha zote kuanzia juu, ndipo uamini. Ukaguzi uandike kwa `assert`, amri inayosimamisha kazi sharti lisipotimia, ili kosa likitokea seli za chini zisiendelee. Kuchapisha tu neno "tahadhari" hakumzuii mtu. Na mafaili yako yahifadhi kwenye Drive, kwa sababu mashine ya Colab ikifungwa inaondoka na vyote ulivyoviacha ndani yake. Nywila usiiandike ndani ya seli, hata kwa dakika moja.

Tulipotaka ijiendeshe yenyewe tukaihamishia kwenye huduma yenye ratiba, na hapo saa ikanichezea tena. Seva nyingi hutumia saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Nilitaka ianze saa saba usiku. Kule bado ni saa nne usiku ya siku iliyotangulia, kwa hiyo nilipoagiza "data ya jana" nikaletewa ya juzi. Tukasogeza hadi saa kumi na moja alfajiri, ambayo kwa UTC ni 02:00, kwa hiyo kwenye ratiba naandika 2.

Mwezi wa kwanza tulikuwa tunatuma maonyo kama arobaini kwa siku. Mhasibu akazima sauti ya kundi, na simlaumu. Sasa ni makosa matatu tu yanayosimamisha malipo. Mengine yanahesabiwa, nayatazama Ijumaa. Ujumbe wenyewe uandikwe kama unavyomwambia mtu: "Kituo cha 3, tarehe 14, mfugaji 0217: lita 185, kawaida yake 18. Mpigie karani."

Siku nzuri pia tunatuma: "Mistari 412, vituo 6, hakuna tatizo." Mwanzoni niliona ni kelele za bure. Alhamisi moja mhasibu akanipigia saa mbili kasoro robo, bado nanyoa ndevu. "Kaka, leo mbona kimya?" Nikafungua kompyuta na povu shavuni: ruhusa ya kusoma folda ilikuwa imeisha muda wake, notibuku haikusoma hata mstari mmoja, na malipo yalikuwa yatoke saa nne.