Anza na "ka": kwa wanaoingia kwenye historia ya hati za India

Usinunue vitabu vya alfabeti bado. Wanafunzi wengi wapya hubeba kimoja cha Kitamili, kimoja cha Kibengali na kimoja cha Devanagari, hati inayoandika Kihindi, wakakaa kukariri, na haupiti muda herufi zinachanganyika na hamu inakwisha. Hati za leo, yaani mifumo ya herufi, zitakusubiri. Shuka kwanza hadi Brahmi, hati ya kale iliyo mama wa karibu zote, na uanze na herufi moja tu: ka.

Ka ya Brahmi, ile iliyochongwa kwenye miamba na nguzo za mfalme Ashoka karne ya 3 kabla ya Kristo, ni msalaba mtupu, sawa na alama ya kujumlisha. Ichore kwa mkono wako. Ukiiacha hivyo inasomeka ka, kwa kuwa irabu a imo ndani yake bila kuandikwa. Tia kijistari juu, inakuwa ki. Kitie chini, inakuwa ku. Kitie juu upande wa kushoto, inakuwa ke. Wewe uliyeimba ba be bi bo bu darasa la kwanza tayari una nusu ya kazi kichwani. Watoto wa Gujarat wanaimba orodha kama hiyo mpaka leo, wanaiita barakhadi.

Sasa ifuate hiyo ka. Enzi za watawala wa Gupta huko India, karne ya 4 hadi ya 6 baada ya Kristo, mguu wake umerefuka. Kwenye Devanagari mkono wa kushoto umejikunja ukawa kitanzi, na juu umelala mstari. Kusini ilipita njia yake nyingine, ikavuka bahari, na ka ya Kithai ni mjukuu wa msalaba uleule. Ukishaijua safari ya herufi moja, za nyingine hazitakutisha.

Jambo la pili ni mpangilio. Herufi hazikupangwa ovyo kama a, b, ch, d zetu. Zinaanzia nyuma ya kinywa na kuja mbele: safu ya koo (ka, kha, ga, gha, nga), ya kaakaa, ya ulimi uliopindwa, ya meno, mwisho ya midomo. Anayesema Kimvita hapa ana bahati, kwa sababu sikio lake limezoea kutenganisha paa la nyumba na p'aa wa porini, anayetamkwa kwa pumzi kama kha kando ya ka. Sisi wengine inabidi tufanye mazoezi. Kitamili kimepunguza safu hizo: herufi moja inabeba sauti ambazo Devanagari inaziandika kwa nne.

Zoezi ninalowapa wote: tafuta noti ya rupia ya India, au picha yake. Upande wa nyuma kuna kisanduku ambamo thamani ya noti imeandikwa kwa lugha 15. Hesabu hati, utapata 10. Kimarathi, Kikonkani, Kinepali na Kisanskriti vyote vimevaa Devanagari. Kiassam na Kibengali wanagawana moja. Kiurdu na Kikashmiri vinatumia herufi za Kiarabu zilizopitia Uajemi. Ukimaliza hapo hutasema tena "hati ya Kihindi" kana kwamba kila lugha ina hati yake na kila hati ina lugha yake.

Habari ya jinsi wataalamu walivyofaulu kuisoma tena Brahmi inafaa kusomwa polepole, maana ni somo la kazi. Mwaka 1836 mtaalamu wa lugha Christian Lassen alitambua herufi kadhaa kwa sarafu ya Agathocles, mfalme wa Kigiriki, yenye Kigiriki upande mmoja na Brahmi upande wa pili. Mwaka uliofuata James Prinsep, mtaalamu wa kupima madini kwenye kiwanda cha sarafu cha Calcutta, aliketi na nakala za maandishi mafupi ya Sanchi, mahali patakatifu pa Wabudha. Akaona mengi yanaishia kwa alama zilezile, ya mwisho ikiwa na nukta. Akajiuliza: watu wanaokuja mahali patakatifu huandika nini mwishoni? Danam, sadaka. Hapo akapata d na n, na zilizobaki zikafuata. Kabla ya kukimbilia nadharia, hesabu kinachojirudia na uulize jiwe lilisimama wapi.

Utakutana pia na mihuri ya Bonde la Indus, ya ustaarabu wa kale kuliko Brahmi, na watu wanaodai wameisoma. Kaa mbali mwanzoni. Maandishi yake kwa kawaida yana alama kama tano tu, na kati yake na Ashoka kuna pengo la zaidi ya miaka elfu moja.

Hata maelezo matamu yapimwe. Utaambiwa Kiodia, lugha ya mashariki mwa India, kina vichwa vya mviringo kwa sababu mistari iliyonyooka ya kalamu ya chuma ingepasua majani ya mvumo. Dai hilo lina ukweli ndani yake, lakini Kitamili nacho kiliandikwa kwenye majani na mistari iliyonyooka kinayo.

Daftari za wafanyabiashara ni ngumu zaidi kuliko mawe. Mahajani, hati ya wachuuzi wa kaskazini, iliacha irabu nyingi, na wenyewe wana kichekesho chake: barua iliandikwa "kaka Ajmer gaye", ami amekwenda Ajmer, nyumbani wakasoma "kaka aj mar gaye", ami amefariki leo, wakaanza kulia. Kwa hiyo anayetaka kusoma hesabu za zamani za Wagujarati wa Unguja na Mombasa asitegemee alfabeti ya shuleni peke yake. Ajifunze kwanza majina ya bidhaa, miezi na watu, ndipo konsonanti zitakapomwambia kitu.

La mwisho, kompyuta. Katika Devanagari alama ya i huchorwa kushoto kwa konsonanti, lakini huchapwa baada yake; ukichapa kwa kufuata macho utapata takataka. Na faili za kabla ya Yunikodi, mfumo unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, ukizinakili hugeuka herufi za Kilatini zisizo na maana. Zigeuze kwanza kwa programu inayojua fonti iliyotumika, kisha ndipo utafute maneno.