Usifute diski! Angalia kwanza ni draiva gani imeishika kadi ya waifai

Ndugu, hiyo flashi ya kuinstoli upya usiichomeke kabisa. Unasema kila ukiwasha laptopu yako ya Linux lazima uandike `sudo modprobe -r b43 ssb` (kuzitoa draiva b43 na ssb) halafu `sudo modprobe wl` (kuipakia wl, draiva ya Broadcom wenyewe) ndio waifai iamke, paswedi nayo inaulizwa upya kila mara, na kuna mtu kakwambia ufute kila kitu uanze moja. Na mimi niliambiwa hivyohivyo, nikafuta.

Picha za mwanangu tangu anazaliwa zilikuwa humo. Nilijua nimeshazihamishia diski ya nje, kumbe nilikopi shotikati tu, folda yenyewe imebaki kulekule na ikafutika nayo. Mfumo mpya ukawaka, nikaweka draiva, nikarestati, waifai kimya vilevile! Nikamrudia aliyenishauri, ananijibu basi kadi imekufa nunua nyingine. Yaani mtu hajauliza chipu gani, hajaomba kuona hata mstari mmoja, anakwambia futa. Inaniuma mpaka leo na ndio maana nimeshindwa kukupita.

Siku ya tatu ndio nikaandika `lspci -k`, amri inayoonyesha kila kadi imeshikwa na draiva gani. Kadi yangu ni BCM4312 ya Broadcom, na chini ya jina lake pameandikwa `Kernel driver in use: b43-pci-bridge` (hiyo ni sehemu ya ssb), mstari unaofuata `Kernel modules: ssb, wl`. Basi, kumbe mashine ikiwaka ssb inawahi kuishika kadi, wl ikija inakuta kiti kina mtu, na b43 bila fimiwea yake (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi) haiwezi kufanya chochote, imekalia tu. Ndio maana ukiitoa kwa mkono mambo yanakubali.

Kama na yako inasema hivyo, tengeneza faili ndani ya `/etc/modprobe.d/`, jina lolote ila liishie na .conf, uandike `blacklist b43`, chini yake `blacklist ssb`, halafu `blacklist bcma` (ndugu yake ssb), ili zisijipakie zenyewe. Kwa Debian na Ubuntu malizia na `sudo update-initramfs -u`, inayotengeneza upya faili la mwanzo wa kuwaka mfumo, hiyo usiiruke, maana ssb inaweza kupakiwa mapema kabla faili lako halijasomwa. Ukirestati na wl bado haijaja yenyewe, andika neno `wl` kwenye faili la .conf ndani ya `/etc/modules-load.d/`.

Ila `lspci -k` kwanza, kabla hujagusa chochote. Iandike sasa hivi unitumie ile mistari ya kadi nione imeshikwa na nani.