Nisome nini? Maswali yenu kuhusu vitabu vya kuazima maktaba

Maswali yamejaa kwa hiyo sizunguki. Wengi mnauliza kitabu gani kinafaa umri gani, na mimi kabla sijajibu huwa nataka kujua huyo mtu anapenda nini, anapata nafasi ya kusoma saa ngapi, na mara ya mwisho ni kitabu gani kilimfanya asahau kula. Umri unasaidia ila kidogo tu. Mwaka 1931 mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, aliandika kanuni tano za maktaba na mbili kati yake ni hizi: kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake. Hizo ndo nazifuata hapa.

Swali: Mwanangu ana miezi saba, nikienda kumwazimia vitabu si watanicheka? Hata kukaa vizuri bado.

Hakuna wa kukucheka mama, azima tu. Tafuta vile vya kurasa nene ngumu, picha moja kubwa kila ukurasa, hasa nyuso za watu na watoto wenzake maana vichanga wanapenda sana kuangalia sura. Usihangaike kusoma kila neno, we mwonyeshe, taja jina la kitu, toa sauti ya ng'ombe, mwache apige ukurasa kwa kiganja. Atakitia mdomoni, hiyo ndo namna yake ya kukijua kitabu, na kona ikilowa ukirudisha waambie tu wahudumu. Dakika tatu zinatosha, akigeuza shingo basi mmemaliza. Na usichoke kurudia kilekile kila siku, wewe ndo utakichoka, yeye ndo kwanza anaanza kukizoea.

Swali: Kijana wangu wa miaka tisa anaokota vitabu vya katuni tu. Vitabu "vya maana" hataki hata kuvishika. Nimkataze?

Usimkataze kabisa, nakuomba. Mtoto anayesoma katuni anasoma, tena anafanya kazi mbili kwa pamoja, anafuata maneno na anafuata picha, na kuna mambo mengi mchoraji hayasemi inabidi mtoto ayajaze mwenyewe kichwani. Mwazimie Abunuwasi aliyechorwa na mchora katuni Gado, ni visa vya yule mjanja wa zamani ambavyo watu wazima wengi walisimuliwa tu kwa mdomo, na akishamzoea Abunuwasi wa picha mpelekee hekaya zake za maandishi matupu, anakuta mtu anayemjua tayari. Maktaba zinazotumia namba za Dewey, yaani kupanga vitabu kwenye rafu kwa namba za mada, zinaweka katuni kwenye 741.5 na hadithi za jadi kwenye 398.2, mwonyeshe hizo namba halafu mwache aende mwenyewe kwenye rafu. Kuna mabadiliko unayaona mtoto akijitafutia, anachuchumaa, anavuta kitabu, anasoma nyuma ya jalada, anarudisha, anavuta kingine, na kile anachokuja nacho mwisho anakishika kwa mikono miwili.

Kupima kama kitabu kimemzidi, mwambie afungue ukurasa wa katikati asome, kila neno asilolijua akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha basi hicho ni cha kusomewa na wewe kwanza, atakirudia mwenyewe baadae. Ila kama ni kitabu cha magari au nyoka na yeye ndo kapagawa na hayo mambo, achana na vidole, hamu itamvusha.

Swali: Nina miaka 16. Riwaya za shule zimenichosha, kila sura unaulizwa maudhui na tamathali za usemi. Nataka kitu kinachokimbia.

Mdogo wangu nakuelewa, na dawa yako ni Bwana Msa, mpelelezi wa kwenye riwaya. Anza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilitoka 1960 baada ya mswada wake kushinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957/58. Kuna maiti, kuna watu kila mmoja ana la kuficha, na kuna Bwana Msa na kiko chake anayekaa kimya wakati wenzake wanabishana, halafu kuna rafiki yake Najum. Soma bila kalamu, usipige mstari hata mmoja, tafuta muuaji tu.

Ukimaliza uone kama utaipenda Siku Njema ya Ken Walibora, 1996. Hiyo haina mauaji ya kuchunguza, ni kijana anaitwa Kongowea Mswahili anahangaika kumtafuta baba yake, lakini inavuta kweli kweli na Kiswahili chake kitamu mno. Najua kwengine imewahi kusomeshwa darasani, sasa kama wewe ulikutana nayo huko ikakuudhi basi usijilazimishe.

Swali: Zamani nilikuwa msomaji, sasa hivi nikifungua kitabu baada ya kurasa mbili mkono umeshaenda kwenye simu. Nianzie wapi?

Hili swali limekuja kutoka kwa wengi na linaniuma kwa sababu mnaliuliza kwa aibu, kama vile mmepoteza akili, na si kweli. Kusoma kwa muda mrefu ni mazoezi na mazoezi yakiachwa mwili unasahau, yakirudiwa unakumbuka. Kosa kubwa ninaloliona ni mtu aliyekaa miaka bila kusoma kuja kuazima litabu la kurasa mia sita kwa sababu aliona limesifiwa, linakaa mezani wiki tatu, anarudisha limechelewa na anajiona hafai.

Chukua vitu vifupi. Tamthilia watu wanaisahau sana na ndo rahisi kuliko zote kurudi nayo, mistari mifupi, watu wanaongea, jioni moja au mbili umemaliza. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969, inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na ukipata mtu wa kusoma naye kwa sauti mkagawana wahusika hiyo simu hutaikumbuka kabisa. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert nacho ni chembamba, kina majini na wivu wa ndugu na safari, unakisoma kama unasimuliwa.

Ukishapata nguvu chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, 1999. Yasmin, binti mdogo kabisa, kaozeshwa mwanamume wa makamo asiyempenda, na uko Zanzibar ya wakati wa ukoloni, siasa zimechemka, na yeye anatafuta njia ya kutoka. Mi sijaona mtu aliyefika kwa Denge, yule kijana anayepinga ukoloni, akaiweka chini.

Na jamani, kitabu cha kuazima hakikudai kitu. Kurasa thelathini zikipita bila kukugusa kirudishe, hakuna anayekuhoji pale kaunta, chukua kingine. Hiyo ndo raha ya maktaba kuliko kununua, unathubutu kuonja hata usichokijua.

Swali: Nimezoea kusoma Kiingereza, riwaya nzima ya Kiswahili inanishinda. Kuna njia?

Ipo, soma tafsiri ya kitabu ambacho hadithi yake unaijua. Kama ulishasoma Animal Farm chukua Shamba la Wanyama, kama ni Shakespeare kuna Mabepari wa Venisi iliyotafsiriwa na Julius Nyerere, 1969. Na kama umesoma Paradise ya Abdulrazak Gurnah, yule aliyepata Nobeli ya Fasihi 2021, basi usikose Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf yule yule anayechukuliwa na Aziz kwa deni la baba yake, ila sasa anaongea unavyohisi alikuwa anaongea tangu mwanzo. Neno likikupita usikimbilie kamusi, endelea, sentensi ya pili itakuambia.

Swali: Babu yangu alikuwa anapenda sana kusoma, sasa macho yamepungua nguvu. Nimwazimie nini?

Uliza kwanza kama wana vitabu vya herufi kubwa, saizi 16 kwenda juu, halafu uliza vya kusikiliza. Vikikosekana vyote msomee wewe, robo saa kila siku, na kitabu achague yeye usimchagulie kama mtoto. Mimi ningempelekea Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, maisha ya yule mwimbaji wa taarab aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi santuri. Ni kifupi, na kila baada ya kurasa chache babu atakusimamisha aeleze la kwake. Mwache aeleze, kitabu kitangoja.

Swali: Nikikosa ninachotaka ndo basi?

Hapana, omba. Andika jina la kitabu na la mwandishi, na ukiweza ile namba ya ISBN inayotambulisha kitabu, kwa vya kuanzia 2007 ina tarakimu 13, iko nyuma juu ya mistari ya kuskani. Maktaba nyingi zinapokea maombi ya kununua au zinaazimana zenyewe kwa zenyewe, na wakiona kitabu kimeombwa na watu kadhaa kinapanda kwenye orodha. Waambie na marafiki zako wakiombe.