Vidonge vya bakteria badala ya pampu ya pumu?

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu wa miaka 7 ana pumu. Nimesoma kuhusu mwanafunzi wa uzamivu wa Kanada anayechunguza uhusiano wa bakteria wa utumbo na pumu. Jirani anayeuza dawa lishe anasema vidonge vyake vya bakteria vitamponya, ila kwanza nimwachishe pampu. Nifanyeje? (Mama Neema, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Pampu usimwachishe.

Utafiti wenyewe ni wa kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, na wenzao walipima choo cha watoto wachanga, na mwaka 2015 wakaeleza kwamba wale waliokuwa katika hatari ya pumu walipungukiwa bakteria wa aina nne wakiwa na miezi 3. Walipofikisha mwaka mmoja, tofauti hiyo ilikuwa imefifia. Miezi 3, mama. Wako ana miaka 7.

Bakteria kupungua kwa mtoto atakayeugua ni jambo moja. Kumrudishia akapona ni jingine kabisa, na hapo ndipo wauzaji wanaponichosha. Panya wa maabara waliopewa bakteria hao walipungukiwa uvimbe wa njia za hewa, sawa. Lakini jaribio la Marekani lililochapishwa 2017 liliwapa wachanga wenye hatari ya pumu bakteria aitwaye Lactobacillus kwa miezi 6 ya mwanzo, na pumu haikuzuilika. Huko ni kuzuia tu, sembuse kuponya! Tena Lactobacillus, anayejaa kwenye vidonge vya madukani, hayumo kati ya wale wanne wa Kanada. Na walipopimwa watoto wa vijijini Ekwado, waliohusika walikuwa bakteria wengine, pamoja na fangasi.

Kila muuzaji wa aina hii ana wimbo uleule: "pampu inamzoesha mtoto." Haimzoeshi. Dawa ya kuvuta yenye steroidi hutuliza uvimbe wa njia za hewa. Ukiiacha, uvimbe hurudi taratibu, mara nyingi bila dalili mwanzoni. Pumu hupanda na kushuka yenyewe, kwa hiyo mtoto anaweza kukaa wiki kadhaa bila kubanwa, na sifa zote zikaenda kwa kidonge. Akija kubanwa usiku, muuzaji hapokei simu. Sisi ndio tunaompokea mtoto, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi na sentensi hawezi kuimaliza. Ukiona hivyo, mpe salbutamol (pampu ya kufungua njia za hewa haraka) kwa chemba, kile kichupa cha plastiki kinachounganishwa na pampu, na uelekee hospitali papo hapo.