Shangazi, Baba hataki kusikia habari ya fataki

*Shikamoo Shangazi. Tunaishi Louisville, Kentucky. Baba yangu ana miaka sabini na kitu. Alikimbia vita Uvira, Kongo, akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kutufuata huku. Mwaka jana usiku wa Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, fataki zilipoanza, alizima taa akawasukumia wajukuu chini ya kitanda. Watoto walicheka. Mwaka huu jirani ametualika uani kwake kula nyama choma. Mume wangu anasema twende wote, Baba azoee. Baba anasema hatoki. Nimkatalie jirani?*
*Binti wa Uvira*

Marahaba mwanangu.

Usimkatalie. Umealikwa nyama, na nyama inaliwa mchana. Fataki zinangoja giza, na huko kwenu mwezi wa saba jua linazama saa tatu usiku. Nendeni saa tisa alasiri, mle mshibe, saa mbili usiku muage. Bebeni maandazi na viti vyenu vya kukunja. Soseji ulizia ni za nyama gani, kama mna mwiko. Saladi ya viazi huliwa baridi; mwambie Baba mapema, asije akadhani wamesahau kuipasha.

Lakini mbona katika barua nzima sioni aliyemuuliza Mzee? Mumeo kaamua, wewe unahangaika, yeye anapewa taarifa. Kaa naye. Mtajie saa ya kwenda na saa ya kurudi, na umuahidi kwamba akisema "turudi" saa kumi na moja, mtarudi. Jirani naye aelezwe kabla. Hatashangaa: huko Marekani wako askari wastaafu wa vita wanaoweka kibao mbele ya nyumba, wakiomba majirani wawafikirie kabla ya kuwasha fataki.

Hilo "azoee" mkwe wangu alifute. Masikio ya Baba yalifundishwa na risasi, hayafundishiki upya kwa jioni moja ya soseji.

Kilichoniuma zaidi ni kicheko cha watoto. Waite, uwaambie kwamba babu aliwaficha wao kwanza, yeye akabaki nje ya kitanda.

Usiku rudini wote, asirudi Baba peke yake. Shusheni mapazia, washeni feni, wekeni kwaya anazozipenda kwa sauti ya juu. Na msishangae mitaani wakianza kulipua tangu Julai 3. Ndoto mbaya zikiendelea hata fataki zikiisha, mpelekeni kliniki na muombe mkalimani wa Kiswahili. Msikubali mjukuu ndiye atafsiri.

Halafu kuna hili. Juni 30, siku nne tu kabla ya sherehe yao, ni siku ya uhuru wa Kongo. Jirani anasherehekea uhuru wa 1776 aliousoma shuleni. Mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru, Baba alikuwa mtoto anayetembea kwa miguu yake. Mwekee kiti karibu na jiko la mkaa, ukae ubavuni kwake umtafsirie, maana jirani akishajua hilo atauliza maswali mengi.